Shingo Yangu Katika Simu za Watu

Wiki iliyopita mliniacha jikoni, mlango nimeufunga kwa ndani, na watu nje wakigonga wanataka dawa ambayo sijawahi kuiuza. Wengine ndiyo mnafika leo, kwa hiyo nitarudia kwa kifupi, kisha tuendelee, maana yaliyofuata ni mazito kuliko yaliyopita.

Naitwa Zabibu. Nina kibanda cha chakula hapa Katuba, Lubumbashi: ugali tunaouita bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Mwaka jana nilikuwa na uvimbe shingoni, ule tunaouita goitre, mkubwa kama papai changa. Nikapasuliwa, nikapona, nikamshukuru Mungu.

Halafu picha yangu ikaanza kutembea kwenye simu za watu. Upande mmoja nina uvimbe, upande wa pili shingo laini. Juu yake wameandika: "Mama Béatrice wa Katuba alipona bila kisu! Matone ya Shingo Laini."

Mimi si Béatrice. Hayo matone sijawahi kuyaonja. Lakini sura ni yangu, mtaa ni wangu, na kichwa changu kiko wazi. Mimi mwanamke wa Kiislamu, mtoto wa watu wa Kasongo, hata muuza makaa hajawahi kuona nywele zangu. Sasa mji mzima umeziona.

Mume wangu Aboubakar, seremala, aliniuliza mara moja tu, akiniita kwa jina la mtoto wetu: "Mama Imani, nani alikupiga photo bila kitambaa?" Nikasema sijui. Akahamishia mkeka wangu kwenye chumba cha watoto. Tangu hapo tukabaki tunaongea habari za chumvi na maji.

Nikalishtaki lile tangazo huko huko mtandaoni. Jibu likaja: tumelikagua, halivunji kanuni. Nikalishtaki tena. Jibu lile lile. Nikamshuku Princesse, infirmière, yaani muuguzi aliyenitunza hospitalini, nikaenda kumtukana mbele ya wagonjwa wake. Alilia, na mimi nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Wale waliogonga mlango walichoka wakaondoka. Sasa sikilizeni.

Jumanne, saa za chakula, mama mmoja aliingia kibandani akiwa na vumbi jekundu la njia hadi magotini. Nyuma yake msichana, amejifunika mtandio shingoni na jua lote lile.

"Njo wewe Mama Béatrice?"

"Hapana, mama. Mi ni Zabibu."

"Usinifiche. Tunatoka Kambove juu yako. Jina yangu Brigitte, huyu mutoto wangu Abigaïl. Dawa ilimalizika, na ile numéro haiitike tena. Tupatie chupa ingine, mama. Moja tu."

Kabla sijajibu nilisikia sauti. Nilidhani ni birika langu jikoni. Kumbe ni yule msichana, anavuta pumzi.

"Iko na wakati gani anakunywa ile dawa?" nikauliza.

"Tangu mvua ilianza. Docteur wa kwetu alisema bamupasue. Mutoto akakataa, iko na ndoa. Alisema, mama, siwezi kuingia mu église na alama ku shingo. Njo tukaona pub yako."

Pub yangu. Tangazo langu. Wateja wakaacha kula wakanitazama.

Niliwaambia wengi kwamba si mimi, hakuna aliyeamini. Siku ile nikachoka na maneno. Nikaweka mwiko chini, nikashika kitambaa changu, nikakilegeza. Palikuwa na madereva, fundi wa simu, mwalimu mmoja wa shule ya jirani. Wanaume tupu. Nikakifungua hadi shingo yote ikabaki wazi.

"Angalia, mama. Hii ni kisu. Inatoka huku mpaka huku. Mi nilipasuliwa."

Brigitte akatoa simu yake, akaniwekea picha mbele ya macho.

"Huku hakuna alama."

"Baliifuta."

"Nani aliifuta?"

"Sijue."

Akacheka kicheko kibaya. "Unaona sisi ba Kambove ni bajinga? Unajichora alama ili tusikuombe dawa! Nani anakulipa ufiche dawa?"

Akanishika kifuani, kanga yangu ikachanika begani. Dereva mmoja akasimama kututenganisha.

Ni Abigaïl aliyenisaidia. Alipita katikati yetu, akainua kidole chake, akaligusa lile kovu. Akakipitisha taratibu toka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma Biblia kwa kidole.

"Mama," alisema, "ni kovu ya kweli."

Brigitte akaniachia.

"Alipasuliwa, mama. Hakukunywa hii kitu hata kidogo." Akavuta pumzi, ikalia. "Nipeleke ku hôpital. Nachoka."

Akasema hivyo, na magoti yakamkatika.

Karakana ya mume wangu iko ng'ambo ya ua. Alisikia kelele, akaja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuniuliza kitu, wala hakunitazama shingoni. Akamwinua yule msichana mikononi, akaenda naye barabarani, akasimamisha taxi kwa kusimama mbele yake.

"Ingia na bo," akaniambia. "Mi nitafunga kiosque."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia kwa wiki kadhaa.

Hospitalini tulipokewa na docteur Clément. Ndiye aliyenipasua mimi. Alimsikiliza Abigaïl kifuani, akamsikiliza tena, akaomba chupa ya ile dawa. Akaitikisa, akanusa, akaonja tone moja kwenye ncha ya ulimi na kutema.

"Iode," alisema. "Ile ya kutia mu chumvi, lakini hii ni kipimo ya kuua ng'ombe."

Brigitte akauliza kama ni vibaya.

"Mama, goitre ya mutoto ilikuwa imelala. Hii dawa iliiamsha, kama muntu anamwanga mafuta ku moto. Sasa moyo inakimbia sana. Siwezi kupasua muntu moyo inakimbia vile, atakufa ku meza ya operation. Kwanza tuutulize moyo."

"Na pumzi?"

"Njo hapo shida iko. Goitre inafinya njia ya pumzi. Moyo inatuomba tungoje, pumzi inatuomba tuharakishe."

Brigitte akakaa chini sakafuni, kanga imemvuka magoti, hakujali.

Princesse akapita na mpira wa hewa. Akamfunga Abigaïl puani kwa mikono ya upole. Hakunitazama. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, lakini alikuwa na kazi ya kuokoa mtu, na mimi nilikuwa na aibu tu.

Docteur akanivuta pembeni, kwenye korido.

"Angekuya zamani ilikuwa operation ya kawaida, kama yako. Mama Zabibu, ile pub niliiona. Nilikuwa nangojea ukuye unieleze."

"Docteur, mi nilifikiri ni bantu benu. Nilitukana mutoto wa watu hapa."

"Nilisikia. Leta iyo telefone."

Akaikuza ile picha kwa vidole viwili.

"Sisi tunapiga photo ya shingo peke yake. Sura hatupige, na tunapigia mu bureau yangu, ku mwangaza. Hii, angalia. Uko umevaa nguo ya operation. Umelala. Ni asubuhi ile ile, mbele ya kukuchukua ku operation. Na muntu mwenye kupiga alikuwa anasimama hapa, pembeni ya kichwa yako." Akanirudishia simu. "Ule usiku, nani alikulinda?"

Nikaanza kuwahesabu jamaa zangu.

Aboubakar alikuwa nyumbani na watoto. Jamaa wengine walifika baada ya operation. Aliyelala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu, aliyenishika mkono mpaka sindano ya usingizi ikanichukua, alikuwa mtu mmoja tu.

Shafi. Mdogo wangu.

Mama yetu alipokufa Shafi alikuwa bado hajaota meno. Mimi ndiye niliyemfunga mgongoni. Nilienda naye shule, nilienda naye sokoni, nilimtafunia chakula. Hata leo akiumwa kichwa ananipigia simu mimi, dada yake mkubwa, yaya kama anavyoniita, kabla ya kununua kidonge.

Nilimwambia Brigitte: "Nakuya, mama. Kuna muntu naenda kuona."

"Usituache sana," akasema.

Shafi anakaa Annexe, pembeni ya mji, kwenye nyumba mpya katikati ya mashamba ya mahindi. Mimi nilijivunia ile nyumba. Niliwaambia wateja: mdogo wangu anafanya mambo ya mtandao, anawatengenezea watu matangazo, ona Mungu alivyo mwema. Juu ya paa ana vioo vya jua, ndani ana mashine ya kompyuta na simu nyingi zimepangwa mezani kama sahani.

Nilimkuta anakula karanga.

"Yaya! Ingia. Mbona hukunipigia nikuye kukutwaa?"

"Shafi. Ile photo."

Mkono wenye karanga ukasimama njiani. Mimi nilikuwa nimejiandaa akatae. Nilitaka akatae, nimkasirikie, kisha nimwamini.

"Nilijua utakuya siku moja," akasema.

Nikaketi.

"Nilipiga vita na ile pub, Shafi. Niliwaandikia wenye mtandao. Banasema hakuna kosa. Ni namna gani hakuna kosa na muntu mwenyewe mi niko nalia?"

Akafuta mikono kwenye suruali. Akanisogezea simu moja, akanisogezea na mashine.

"Angalia, yaya. Adresse ni moja. Hii telefone ni kama ya muntu wa hapa. Fungua."

Nikagusa. Ikatokea sura yangu, matone, na namba ya kupiga.

"Sasa hii mashine nimeiweka kama iko Ulaya. Fungua ile ile."

Nikagusa. Ikatokea bustani ya nyanya. Nyanya nyekundu, nzuri, na maneno ya kufundisha namna ya kumwagilia maji asubuhi.

"Ni page moja?"

"Moja. Inaangalia kwanza ni nani anapiga hodi. Akiwa muntu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kambove, inamufungulia mulango wa dawa. Akiwa mukaguzi wa mtandao, inamufungulia mulango wa nyanya. Na mu pub yenyewe, neno ya goitre naiandika na vidoti katikati, mashine zabo zisiisome. Kiswahili yetu ya huku zenyewe hazisikiye muzuri."

"Basi kila nililalamika…"

"Balikuya kukagua. Baliona nyanya, baliondoka. Mi nilikuwa naona wageni ba kule banafungua page, najua: yaya ameandika tena."

Alisema bila kujisifu. Lakini kulikuwa na kitu machoni kama cha fundi aliyetengeneza kufuli nzuri.

"Juu ya nini, Shafi? Mi nilikukosea nini?"

Hapo akaanza kutetemeka mdomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulia.

"Unakumbuka wakati docteur alisema ile goitre itakufinya mpaka ufe? Shemeki aliuza randa yake ya muzuri, aliuza na kinga yake, ile baisikeli, haikutosha. Mi nikakuya na makuta, pesa yote ya operation. Ulifikiri niliipata wapi?"

"Ulisema wenye boulangerie, ba kuoka mikate, balikulipa."

"Hakuna boulangerie, yaya. Ni Stéphane."

Sikumjua. Akanieleza: Stéphane ndiye mwenye matone. Hakai hapa. Huja, huchukua, huenda zake.

"Alitaka sura ya mwanamke wa huku, ya kweli, mbele ya kupona na nyuma ya kupona. Alisema ya kuiba mu Internet bakaguzi banaitambua. Alisema: nipatie photo mbili, na dada yako atapasuliwa. Ya kwanza nilikupiga umelala. Ba infirmière balishakutosha kitambaa, balikivua. Ya pili, siku balikutosha pansement ku kidonda. Kovu niliifuta mi mwenyewe."

"Ulinifuta wewe mwenyewe."

"Ulikuwa unakufa, yaya! Ulitaka ningoje nini? Ulitaka nikuzike na heshima yako?"

Mkono wangu uliinuka kumpiga. Ukafika katikati, haukuendelea, ukarudi shingoni kwangu. Nikahisi damu inapita, hewa inapita, taratibu, bila kelele. Pumzi yangu mimi ilinunuliwa kwa kitu kile kile kinachomnyima pumzi yule mtoto wa Kambove. Nilitaka kuirudisha, lakini pumzi hairudishwi.

"Kuna mutoto ku hôpital," nikamwambia. "Alikunywa matone yenu badala ya kupasuliwa. Moyo inakimbia, hewa haipite. Anatoka Kambove. Jina yake Abigaïl."

Shafi akainua uso.

"Abigaïl mwenye kuvaa kitenge ya njano?"

"Wewe unamujua namna gani?"

Akageukia mashine, akafungua kitu, akainuka kutoka kwenye kiti ili mimi nione.

Alikuwa ni yeye. Kitenge cha njano, nywele zimesukwa vizuri, anatabasamu. Upande wa kushoto ana uvimbe wake. Upande wa kulia shingo yake ni laini, ndefu, haina kitu. Na maneno: "Mademoiselle Grâce alipona kabla ya ndoa yake! Bila kisu, bila alama."

"Alituma mwenyewe," Shafi akasema kwa sauti ya chini. "Kila mwenye kuomba dawa tunamuambia atume photo, docteur aangalie kipimo. Aliandika na habari ya ndoa yake."

"Docteur gani?"

"Hakuna docteur, yaya."

"Na hii pub…"

"Inatoka leo. Stéphane alisema sura yako bantu beshaizoea. Akachagua huyu."

Nilimwangalia yule msichana wa kwenye kioo, mzima, mwenye furaha. Nilikuwa nimemwacha na mpira puani.

"Zima, Shafi."

"Nikizima, Stéphane anamupatia muntu mwingine, anafungua ingine."

"Hakuna kitu unaweza kufanya? Wewe mwenye kutengeneza mulango?"

Akarudi kwenye kiti. Nje mtu alikuwa analima; jembe lilisikika likigonga mawe.

"Kuna kitu moja," alisema. "Nikiitosha, nikiiondoa ile mulango wa nyanya, kila muntu ataona dawa, na bakaguzi bataona dawa. Hapo banafunga compte yetu ya kulipia pub na zote zenye kushikamana nayo. Stéphane atabakia bila njia. Lakini compte iko na jina ya muntu, yaya. Na kitambulisho yake. Ule muntu njo batamutafuta."

Nilielewa. Nilielewa vizuri sana. Nilimwona amefungwa pingu, yule niliyemfunga kwa kanga mgongoni.

Simu yangu ikalia. Brigitte.

Shafi akanipa mgongo, akainamia mashine yake.

"Mama Zabibu." Sauti ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. "Abigaïl asha kwenda."

"Mama…"

"Aliomba maji. Nikageuka kutwaa gobelet. Nilimugeukia, docteur asha kumulalia kifuani anamusukuma, anamusukuma. Ile infirmière alikuwa nalia."

Nikasema yale tunayosema. Mungu ndiye mwenye kutoa. Pole, mama. Jikaze, mama. Maneno yakatoka, hayakuwa na uzito.

"Baba yake Ephraïm iko njiani," akaendelea. "Hakuliya. Anasema kesho anaenda ku parquet, kule banashitaki, procureur aulize bantu ba mtandao jina ya mwenye hii pub. Anasema hata kama ni muntu mukubwa, atamupata." Akavuta pumzi. "Mama, wewe ulianza kutafuta mbele yetu. Ulisema unaenda kuona muntu. Ulisha kumujua?"

Mgongo wa Shafi ulikuwa mbele yangu. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni.

Mimi niliapa siku nyingi kwamba nikimjua nitamtaja sokoni, msikitini, popote. Nilimwapia mume wangu. Nilimwapia Mungu nikiwa juu ya mkeka wa watoto.

"Hapana, mama," nikasema. "Simujue."

"Haizuru." Akakohoa kidogo, akilia ndani kwa ndani. "Asanti, mama. Mu hii mji yote, ni wewe peke yako ulituambia kweli."

Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Nilipoishusha, Shafi alikuwa amegeuka, na uso wake umelowa.

"Nimeitosha, yaya."

"Nini?"

"Mulango wa nyanya. Wakati ulikuwa unamusikiliza. Nilifikiri utanitaja, nikasema heri nimalize mi mwenyewe mbele jina yangu itoke mu kinywa yako." Akapangusa pua kwa kiganja. "Nikasikia unasema hunijue. Lakini nilikuwa nimeshamaliza."

"Rudisha," nikasema. Ndiyo, nililisema neno hilo, na mnisamehe. Kisha nikajishika mdomo. "Hapana. Usirudishe. Iache."

"Bashaanza kuifungua. Angalia, wageni ba kule. Banaona dawa."

Basi nilikuwa nimemdanganya mama aliyefiwa, tena bure. Ajabu ni kwamba nilihisi mzigo umepungua. Nikamsogelea mdogo wangu, nikamshika kichwa, nikakilaza tumboni kwangu kama zamani.

"Umefanya muzuri. Kesho tutaenda pamoja ku parquet, mbele bakuite. Utasema yote, na Stéphane utamutaja. Mi nitasimama pembeni yako. Nitamuambia na Mama Brigitte, nitapiga magoti. Hawatakumaliza. Uliifunga wewe mwenyewe, bataona."

Akazidi kulia.

"Shafi. Unaliya nini sasa? Imekwisha."

"Yaya, mi jina yangu balishaifunga zamani. Juu ya pub ingine. Nikiweka kitambulisho yangu banaikatala."

Nikamwachia kichwa.

"Compte haiko na jina yako?"

"Stéphane alisema ni bora jina ifanane na sura. Alisema bakaguzi banaaminia sana hivyo."

"Sura gani?"

"Siku tulikuingiza ku hôpital ulinipatia carte yako ya kitambulisho nikuandikishe ku réception…"

Hakumalizia. Akanyoosha mkono, akazungusha mashine taratibu mpaka kioo kikanitazama mimi.

Juu kabisa palikuwa na mstari wa maneno mekundu, kwamba tangazo hili linachunguzwa. Chini yake palikuwa na nafasi ya mwenye tangazo. Nikasogea kusoma. Lilikuwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu, limeandikwa bila kosa hata moja.